Mashine haijui kama unga una unyevu

Wadau, hebu utazame mtungi wa gesi ulioko jikoni kwako. Ukipitisha mkono katikati ya mtungi mdogo utagusa mshono unaouzunguka kama mkanda. Hapo ndipo vipande viwili vya chuma vilipounganishwa vikawa kimoja. Ndani yake kuna gesi iliyoshindiliwa mpaka ikawa kimiminika, na wewe unalala chumba cha pili bila wasiwasi wowote. Maana yake unamwamini mtu usiyemjua.

Nimeamua kumzungumzia mtu huyo, maana siku hizi tukisema viwanda tunawaza mashine tu. Mwekezaji kaleta mitambo ya kisasa, mgeni rasmi kakata utepe, kamera zote zimeelekezwa kwenye mitambo. Fundi anayeiendesha yuko nyuma, na hakuna anayemuuliza lolote. Wengine wanakwenda mbali zaidi: kwa kuwa mashine inachomelea yenyewe, fundi wa nini? Mtu yeyote si anaweza kubonyeza kitufe?

Jamani, si kweli.

Viwanda vingi vya mitungi duniani huchomelea mshono ule kwa njia ambayo moto wake hauonekani. Mashine inasukuma waya wa chuma kutoka kwenye roli, umeme unaruka kati ya ncha ya waya na chuma kinachounganishwa, na pale penye moto panafunikwa na unga wa chembechembe unaofanana na mchanga, uitwao fluksi. Unga ulio karibu na moto unayeyuka na kuzuia hewa isiguse chuma kilichoyeyuka, kisha unaganda juu ya mshono. Ganda hilo linagongwa na kutolewa. Unga uliobaki unafyonzwa na kutumika tena. Umeme wake si wa mchezo: kwa kawaida ni kati ya ampea 300 na 1,000, wakati mwingine zaidi. Kazi inakwenda haraka, mshono unazama vizuri, cheche hakuna.

Wanaoamini kitufe wanaweza kunitajia Urusi. Ni kweli, wakati wa Vita Kuu ya Pili taasisi ya Evgeny Paton ilihamishwa kutoka Kiev hadi Nizhny Tagil, na huko njia hii ikatumika kuchomelea vifaru vya T-34. Mashine ziliwawezesha hata wanawake na vijana ambao hawakuwa mafundi wa siku nyingi kuifanya kazi hiyo. Lakini hadithi isomwe yote. Nyuma ya vijana wale kulikuwa na taasisi nzima ya wahandisi waliokesha wakichunguza unga, waya na chuma. Baada ya vita wakajenga Kiev daraja la kuchomelewa lenye urefu wa mita 1,543, lililofunguliwa mwaka 1953 na kupewa jina la Paton. Ustadi haukuondoka kiwandani. Ulihama kutoka mkononi ukaenda kichwani na kwenye maandalizi.

Chukua mfano mmoja. Mshono umetoka na matundu madogomadogo. Asiyejua atachezea vitufe. Fundi ataanza na unga: je, ulilala wazi usiku kucha kwenye hewa nzito ya Dar es Salaam? Unga unanyonya unyevu. Maji yakikutana na moto ule yanatoa haidrojeni, nayo inaingia kwenye chuma. Matokeo yake ni matundu au, mbaya zaidi, ufa unaoweza kujitokeza saa nyingi baada ya kazi kumalizika. Dawa ni kuukausha unga kwenye oveni kwa joto alilotaja mtengenezaji, mara nyingi nyuzi 250 hadi 350 za Selsiasi, kisha kuutunza pakavu. Halafu ataangalia kama kingo za chuma zina kutu, mafuta au rangi.

Waya unakwamakwama? Atakagua magurudumu yanayousukuma, na ncha ya shaba kama imelika. Moto unayumba? Pengine waya wa ethi umebanwa juu ya kutu. Anajua kwamba ampea ndizo zinazoamua kina cha mshono na volti ndizo zinazoutanua, na kwamba mshono wenye kina kikubwa kuliko upana wake unaweza kupasuka katikati. Mashine haijui lolote kati ya hayo. Itachomelea ubovu kwa mwendo uleule, tena kwa sura nzuri.

Upande wa usalama ndio unaoniuma zaidi. Kwa kuwa mwanga hauonekani, watu wanavua miwani. Unga ukipungua kidogo tu, mwanga unachomoza ghafla na macho yanaungua. Ganda linaonekana limepoa kumbe bado linaunguza. Waya na roli lake vina umeme wakati mashine inafanya kazi, kwa hiyo lazima uzime kabla ya kugusa. Tangi linalozunguka juu ya magurudumu linaweza kuvuta nguo ya mtu. Unga unatoa vumbi, na moshi, ingawa ni mdogo kuliko wa njia nyingine, upo. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi tunayo tangu mwaka 2003. Kilichobaki ni kuifuata.

Najua bosi atasema oveni ni gharama, mafunzo ni gharama, barakoa ni gharama. Sawa. Lakini mtungi unaokataliwa kwenye majaribio nao ni gharama, na ule unaopita ukiwa na ufa uliojificha gharama yake italipwa na familia ya mtu.

Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa Tanzania, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Hiyo ni mitungi mingi sana, iwe imetengenezwa hapa au imeagizwa nje. Basi siku utakaposikia kiwanda cha mitungi au matangi kinazinduliwa, usiulize tu mashine imegharimu kiasi gani. Uliza unga unakaushwa wapi. Uliza nani anakagua mshono, na kama ana uwezo wa kusema "hapana" mbele ya bosi. Uliza fundi amesomea wapi na analipwa nini.

Au mnaonaje, wadau? Tujadili.