MAITI 28 ZILIZIKWA, HIZO 100 ZIKO WAPI?

Nilikuwa stendi ya Kahama nangoja basi la Geita. Pale kijiweni jamaa mmoja akasema serikali haiwezi kudanganya mambo ya vifo vya watu. Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mimi sikucheka, nilikumbuka Mandera.

Kwa asiyeijua, Mandera ni kona ya Kenya inayopakana na Somalia na Ethiopia. Alfajiri ya Jumamosi, Novemba 22, 2014, basi lililotoka huko kwenda Nairobi lilisimamishwa na watu wenye bunduki. Ndani mlikuwa na abiria wapatao 60, wakiwamo walimu waliokuwa wanakwenda makwao likizo. Wakachambuliwa kama mchele. Walioshindwa kutamka shahada wakatengwa, wakamiminiwa risasi. Watu 28! Al-Shabaab wakatangaza kifua mbele kwamba ni wao, eti wanalipiza misikiti ya Mombasa iliyovamiwa na polisi.

Hapo hakuna ubishi. Muuaji anajulikana, na mwandishi huyu hana huruma hata chembe kwa mtu anayeua abiria. Ubishi unaanza kesho yake.

Jumapili, William Ruto, wakati huo Naibu Rais, akawatangazia wananchi kwamba majeshi yamewafuata wauaji ng'ambo ya mpaka, yamewaua zaidi ya 100, yameteketeza kambi na magari manne ya silaha. Yote hayo chini ya siku mbili!

Haya, tuulizane kiutu uzima. Hao 100 nani aliwahesabu? Alihesabu akiwa angani au alishuka chini? Kati yao walikuwamo waliosimamisha basi, au ni mpiganaji yeyote aliyekutwa porini? Picha ziko wapi? Wakenya wenyewe waliguna, wengi hawakuamini.

Jibu likaja usiku wa kuamkia Desemba 2. Wavunja mawe 36 wakauawa Koromey, nje kidogo ya mji uleule wa Mandera. Zilipita siku 10 tu! Walikuwa walalahoi wa nyundo na jasho, kama wewe wa duarani Geita. Kama nyoka alishakatwa kichwa, aliyeuma tena ni nani?

Siku hiyo ndipo Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Ole Lenku, akaondolewa, na Mkuu wa Polisi, David Kimaiyo, akaachia ngazi. Kwa nini isiwe Jumapili ile? Kwa sababu Jumapili ile wananchi walipewa namba ya kushangilia. Viongozi wa Mandera walikuwa wanalalamika kwamba ulinzi waliouhitaji hawakuupata. Hilo ndilo lilikuwa swali: barabara ile ililindwa na nani? Namba 100 ikalifunika swali kama blanketi. Huko ndiko ninakokuita changa la macho, na gharama yake hailipwi na vigogo.

Utasema Kenya yatuhusu nini? Ndugu yangu, basi la Kahama kwenda Geita linapita jirani na Bulyanhulu. Hapo, Agosti 1996, wachimbaji wadogo walifukuzwa kumpisha mwekezaji. Yakatoka madai kwamba zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali ikakanusha. Mwaka 2002 ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia nayo ikasema madai hayo hayana ushahidi. Waliodai uchunguzi huru, akiwamo Tundu Lissu, wakaishia kufunguliwa kesi ya uchochezi. Sisemi walifukiwa. Nasema kama serikali ilikuwa na hakika mashimoni hamna mtu, tume huru ingeisafisha yenyewe. Mwenye mikono safi haogopi kuinyoosha.

Tena kuuliza si kuwatetea magaidi. Wala si kumgeukia jirani yako Mwislamu. Desemba 21, 2015, basi jingine la Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Wavamizi wakataka abiria watengwe tena. Safari hii Waislamu waligoma, wakasema kama ni kuua watuue sote. Watu wawili waliuawa, lakini basi zima likapona. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu aliyepigwa risasi siku hiyo, alifariki Januari 2016. Huyo ndiye aliyewalinda abiria, na hakutangaza namba yoyote.

Kwa hiyo vijana, siku mkubwa akisimama na namba kubwa, iwe Nairobi au Dodoma, usikimbilie kupiga makofi. Muulize kahesabu nani, kahesabia wapi, na siku ya tukio nani alikuwa zamu. Akikasirika, ujue umegusa penyewe.

Konda anaita Geita. Napanda. Nawe kesho utapanda, ndiyo maana nakwambia uliza.