UCHAMBUZI: Ujuzi wa tarakilishi usiwe wa wachache

MKONGO wa mawasiliano wa TEAMS ulipofikishwa Mombasa mwaka 2009, wengi walitarajia kuwa vijana wa Kenya wangepata ajira tele. Kazi zilikuja kweli, ila si kwa usawa.

Mnamo 2016 serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital kuwafunza vijana kutafuta riziki mtandaoni. Miongoni mwa kazi hizo ni kunakili sauti na kuingiza data, ambazo malipo yake ni haba. Mwaka 2023 jarida la Time lilifichua kwamba Wakenya waliochuja maandishi ya ukatili kwa ajili ya ChatGPT walilipwa chini ya dola 2 kwa saa.

Kiini cha tatizo ni kina cha mafunzo. Anayefunzwa kwa siku chache huambulia vibarua. Kuunda programu kwahitaji muda, tarakilishi na mwalimu. Shirika la AkiraChix, lililoasisiwa jijini Nairobi mwaka 2010, limethibitisha hilo kwa kuwafunza mabinti wa familia maskini kwa mwaka mzima bila kuwatoza karo.

Mzigo huo hauwezi kuachiwa mashirika pekee. Kifungu cha 56 cha Katiba ya 2010 chaitaka serikali iyape makundi yaliyotengwa nafasi maalumu katika elimu na ajira. Yafaa basi vyuo vya kiufundi vya Turkana, Wajir na Tana River vipewe vifaa na wakufunzi. La sivyo, wenyeji wa huko watabaki vibarua wa teknolojia inayoundwa na wengine.