Si Kila Jicho Jekundu ni la Kutiwa Matone

Katika maduka ya dawa ya Kariakoo ni jambo la kawaida kumwona mzazi akiingia na mtoto mgongoni, akasema, "Jicho limevimba," akauziwa matone, akaenda zake. Mara nyingi hapatokei madhara, kwani wekundu wa macho ya watoto aghalabu husababishwa na vijidudu au vumbi. Lakini iko saratani moja ijifichayo nyuma ya sura hiyo ya kawaida, nayo huitwa retinoblastoma.

Saratani hii huota katika retina, yaani ule utando wa ndani ya jicho upokeao nuru, na huwapata hasa watoto wasiotimiza miaka 5. Uvimbe ukikua, sehemu yake yaweza kufa kwa kukosa damu. Hapo jicho na kope huvimba na kuwa jekundu, mithili ya jipu. Pengine chembe za saratani hutuama mbele ya jicho kama usaha, hata tabibu akadanganyika. Dawa za kutuliza uvimbe zaweza kuleta nafuu ya siku chache, na nafuu hiyo ndiyo hatari, maana mzazi hutulia huku ugonjwa ukifuata mshipa wa fahamu kuelekea ubongoni. Tena, kulitoboa jicho ili kutoa huo "usaha" kwaweza kuisambaza saratani.

Wako wasemao kwamba ugonjwa huu ni adimu, ya nini kuwatisha wazazi? Ni kweli humpata mtoto 1 katika takriban 17,000 wanaozaliwa. Lakini Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Basi hao ni zaidi ya watoto 100. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 95 katika kila 100 hupona, hasa kwa sababu hugunduliwa mapema.

Dalili ya kwanza haina maumivu: ni weupe katika mboni, ungʼaao kama jicho la paka, au makengeza yaliyoanza ghafla. Kwa hiyo naona kila kliniki ya watoto, pamoja na kupima uzito, haina budi kumulika mboni kwa tochi. Muuza dawa naye asitoe matone kabla ya kuitazama mboni na kuuliza jicho limeugua tangu lini. Mboni nyeupe, hata ikiwa ni mtoto wa jicho, yamhitaji daktari wa macho bila kukawia.

Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili, ambako matibabu ya saratani ya watoto yalihamishiwa kutoka Ocean Road mwaka 2011, ni mwendo mfupi. Kinachourefusha ni matone, na hofu ya kwamba jicho litaondolewa. Ni kweli, pengine huondolewa. Lakini jicho moja latosha kumwonyesha mtoto njia ya shule. Mtoto aliyecheleweshwa huenda asiifikie.