Skripti Isiyoijua Ng'ando

Vyuo vinapokaribia kupokea tasnifu, saiba za Kawangware, mtaa wa Nairobi, hujaa wanafunzi na flashi zao. Kinachowatesa mara nyingi ni kurasa za mwisho, za marejeleo. Anwani ya kitabu kimoja imeandikwa yote kwa herufi kubwa kama tangazo la mazishi, ya pili imekuza kila neno, ya tatu haina herufi kubwa hata moja. Kuzinyoosha moja moja ni kazi ya kukesha. Skripti, yaani programu fupi ya mistari michache, humaliza orodha nzima papo hapo.

Humaliza, lakini vipi? Katika Python, lugha ya programu inayopendwa na wanaoanza, ipo amri iitwayo title, ambayo hukuza herufi ya kwanza ya kila neno. Kwa hesabu zake, neno huishia popote palipo na alama isiyo herufi, ritifaa na kistari vikiwemo. Basi Lang'ata, eneo bunge lililokuwa na Kibera hadi Kibra ilipojitenga katika uchaguzi wa 2013, hugeuka Lang'Ata. Ng'ando, mtaa jirani na Kawangware katika Dagoretti, huwa Ng'Ando, na Mutu-ini ya hukohuko huwa Mutu-Ini. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o naye hutoka humo akiwa Ngũgĩ Wa Thiong'O, utadhani babu yake alishuka meli kutoka Ireland. Riwaya yake ya 1980, Caitaani Mũtharaba-inĩ, hukuziwa hata kiambishi chake: Mũtharaba-Inĩ.

Maelezo rasmi ya Python yanaonya kuhusu ritifaa na kutaja amri nyingine, capwords, inayokata maneno penye nafasi tu. Hiyo nayo haijui kwamba "la" na "ya" hubaki ndogo: Chozi la Heri, kitabu cha Assumpta Matei, kitakuwa Chozi La Heri. Skripti nyingi zina orodha ya vineno vya kuachwa vidogo, ila ni vineno vya Kiingereza.

Kushusha herufi kuna hatari zaidi. BibTeX, programu ya marejeleo iliyoanza 1985, katika mitindo yake mingi hushusha herufi zote za anwani ya makala isipokuwa ya kwanza, labda mwandishi awe amelifungia jina ndani ya mabano yaliyopinda. Vijiji vya Kibera vina majina yaliyoundwa kwa maneno ya kila siku: Laini Saba na Mashimoni. Tuseme mtu ameandika makala iitwayo "Bei ya maji Laini Saba na Mashimoni". Ikishushwa, inasomeka "Bei ya maji laini saba na mashimoni", na msomaji wa Dodoma atajiuliza maji na laini saba za simu vinahusianaje, na hayo mashimo ni ya nini.

Wapo wanaosema haya ni mambo madogo, kwa kuwa mtambo wa kutafuta katika katalogi haubagui herufi kubwa na ndogo. Ni kweli, kitabu kitapatikana. Lakini orodha huchapwa jinsi ilivyo, na mwanafunzi wa mwaka ujao huinakili bila kuigusa. Watafiti wengi mno wameandika kuhusu Kibera, wengi wao wageni. Kosa likishaingia katika orodha moja, husafiri mbali.

Dawa si kuzitupa skripti. Tatizo kubwa liko kwenye kisanduku kimoja katika rekodi ya kila rejeo ambacho karibu kila mtu hukiruka, cha lugha. Zotero, programu ya bure iliyoanzishwa 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani, haikuzi maneno ya anwani kwa kanuni ya Kiingereza ikiwa kisanduku hicho kinasema Kiswahili. Katalogi za maktaba nazo zina msimbo wa Kiswahili, swa. Lugha ijazwe kwanza, ndipo skripti iamue ifuate kanuni ipi.

Kisha ipewe orodha ya majina ya kutoguswa. Nyenzo zipo mlangoni: tangu 2009 vijana wa mradi wa Map Kibera wamekuwa wakiingiza vijiji, shule na zahanati zao katika OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na data hiyo iko wazi kwa yeyote. Maktaba moja ya chuo kikuu Nairobi ingeweza kuichukua, ikaongeza majina ya Dagoretti, ikaunda skripti moja na kuigawa bure hadi saiba za Kawangware. Skripti hiyo ionyeshe anwani ya zamani na mpya bega kwa bega, isihifadhi lolote kabla mtu hajakubali, na nakala ya awali ibaki mahali salama.

Iwe pia na mipaka. Vitabu vingine vimechapwa Kibera, vingine Kibra, kama Wanubi wanavyoliita eneo hilo. Hapo skripti haina ruhusa ya kusawazisha chochote. Jina linabaki lilivyo kwenye ukurasa wa anwani wa kitabu.