FORODHANI NI YA NANI?



Hapana mtu wa Mjini asiyeijua Forodhani, wala mtu wa shamba aliyekuja Mjini sikukuu asipitie hapo. Lakini kuijua ni jambo moja, na kuilinda ni jambo jengine.

Jina lake latueleza asili yake. Hapo ndipo palipokuwa forodha, mashua zikishusha shehena na wachukuzi wakihema chini ya magunia. Gati lilipojengwa Malindi katika miaka ya 1920, kazi ile ilihamia huko. Na mwaka 1936 pwani hiyo ikafanywa bustani, kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub. Bustani ilifanywa kwa heshima ya mfalme, bali waliokuja kupunga upepo humo walikuwa raia.

Baadaye ikachakaa, mpaka shirika la Aga Khan lilipoitengeneza na kuifungua upya Julai 2009, ikiwa na taa, viti, majani na mahali pa watoto kuchezea. Jua likishatua, majiko huwashwa: pweza, mishikaki, urojo na maji ya miwa. Vijana hupiga mbizi kutoka ukutani, wazee huzungumza, na mama mwenye watoto wanne hupumzika bila ya kuulizwa ana kiasi gani mkononi.

Hilo la mwisho ndilo tunalolitetea. Tumemwona kwa macho yetu mzee akiambiwa ainuke kitini, apate kukaa mgeni anayenunua. Hatuwachukii wageni, wala hatuwalaumu wachuuzi wanaotafuta riziki zao. Twasema tu kwamba mwenye nyumba hafukuzwi barazani kwake.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Viti vya bustani vibaki bure kwa kila mtu. Kila ada inayotozwa humo itangazwe, pamoja na matumizi yake. Na wakaazi na wachuuzi washirikishwe kabla ya lolote kuamuliwa, si baada yake.

Ng'ambo ya njia yasimama Beit el-Ajaib, iliyojengwa 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ikaua watu. Fundisho hilo lilikuwa ghali mno. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa Forodhani bado ni mdogo. Na tuuzibe leo.