Acheni Kuisingizia Globu

Peleka Land Rover 109 ya zamani kwa fundi umeme yeyote pale Majengo, mwambie taa hazioni mbali. Jibu utalipata kabla hujazima injini: weka globu za wati 100, au funga LED, kazi imekwisha. Imani hii imetapakaa kuanzia mjini Moshi hadi Kibosho na Uru, na ni upotofu mtupu.

Globu haina kosa. Kwenye magari haya umeme wa taa kubwa unatoka kwenye betri, unakwenda mpaka swichi ya taa, unapita swichi ya fuli na dimu, ndipo unarudi mbele kwa waya mwembamba uliochoka tangu enzi za Mwalimu. Kila kiungo kinakula volti. Washa taa injini ikiwa inaunguruma, kisha pima. Betri ikisoma 13.8 na soketi ya globu 11.5, usidhani umepoteza kidogo: mwanga wa globu ya halojeni hushuka upesi kuliko volti zake. Hapo umebakiwa na nusu na ushee.

Sasa ongeza wati. Jozi ya globu za wati 60 huvuta ampea 10 kwa volti 12. Jozi ya wati 100 huvuta karibu 17. Waya ni uleule, swichi ni ileile. Volti zinazidi kupotelea njiani, na swichi inaanza kunuka.

LED ndiyo balaa kabisa. Kioo na sahani ya taa ile vilitengenezwa kwa uzi mdogo unaowaka mahali maalumu ndani ya globu. Ukipachika LED za bei poa, mwanga unatawanyika ovyo. Ukuta wa gereji unang'aa, mwenye gari anachekelea. Mkutane naye usiku wa masika njia ya Marangu, ukungu umeshuka, uone nani anaona nini.

Na hakuna anayeangalia ethi! Bodi ya Land Rover ni alumini. Fungua boliti ya waya wa ethi kwenye madigadi, utakuta unga mweupe umejaa chini ya kichwa chake. Umeme upite wapi?

Dawa ni rilei mbili, moja ya fuli na moja ya dimu, zinazochota umeme moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi, kwa waya mnene. Swichi ya zamani inabaki kuziamrisha tu. Kila taa ipewe waya wake wa ethi mpaka hasi ya betri. Mafundi wanajua haya. Namba 30, 85, 86 na 87 wanazijua hata usingizini, maana kila siku wanafunga honi na feni kwa rilei. Wanauza globu kwa sababu mteja ameomba globu. Basi mteja, kabla hujatoa hela, mwambie fundi achukue mita apime kwenye soketi, nawe umesimama hapo hapo.