Msituambie tu "Kuweni Macho"

Vijana wenzetu, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, tuanze na jambo lililotokea Nyarushishi mwaka jana, kwa sababu wengi wetu tulilicheka.

Kulikuwa na mama mmoja katika hangari ya jirani. Alivuka na watoto wanne Februari 2025, siku zile Bukavu ilipoanguka. Asubuhi moja simu ikalia. Kijana anaongea Kiswahili cha kwetu kabisa, cha Bukavu, na kila baada ya maneno mawili anasema "mama". Yeye ni fundi wa mtandao, eti. Laini ya mama inavuta rezo ya Congo na rezo ya Rwanda kwa pamoja, virusi vimeingia, na leo saa sita itafungwa pamoja na pesa zote zilizo ndani. Sasa anayeishi Rusizi anajua: ukishuka upande wa Kamembe, simu inashika rezo ya ng'ambo yenyewe, bila kuulizwa. Mwizi alichukua kitu ambacho mama alikuwa anakiona kwa macho yake, akajenga uongo juu yake.

Mama hakumpa mtu siri yake. Hapo ndipo wengi mnakosea mnapohadithia. Fundi alimwambia abonyeze *182#, akawa anamwongoza namba kwa namba. Menyu yake ilikuwa inatoka kwa Kinyarwanda, na mama hasomi Kinyarwanda. "Andika kodi ya kwanza," tarakimu kumi. Kumbe ni numero ya simu ya mwizi. "Andika kodi ya pili," 64000. Kisha akasema: "Sasa weka siri yako, lakini mimi usinitajie, hata sisi mafundi haturuhusiwi kuijua." Mama alituambia kwamba kwa neno hilo ndipo alipomwamini kabisa.

Franga 64,000 zilikuwa zimetumwa na kaka yake kwa ajili ya watoto. Alipelekwa Mahama bila hata franga mia.

Alipotaka kushtaki, aliulizwa laini imeandikishwa kwa jina la nani. Haikuwa kwa jina lake. Alipofika hakuwa na karatasi, kijana mmoja akamuuzia laini iliyokwisha kuandikishwa. Huyo kijana tunamjua. Ni mwenzetu. Tutarudi kwake.

Kwanza tumalizane na neno "mjinga". Hila hii haikuzaliwa kambini. Kwa miaka mingi watu wa Marekani na Uingereza, wenye shule na kompyuta zao mezani, wamepigiwa simu na "fundi wa Microsoft" anayewaambia kompyuta imejaa virusi. Anawafungulia ukurasa wa kumbukumbu za kompyuta, ule wenye alama nyekundu na za njano ambazo hazina madhara yoyote, wanaogopa, wanalipa. Oktoba 2012 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilipeleka mahakamani kampuni kadhaa za kazi hiyo. Hao walioliwa hawakuitwa watu wa kuelimishwa. Walioibiwa waliitwa walioibiwa. Kwa nini mama yetu anaitwa mjinga?

Na hapa Rusizi nani hajasikia jina Abameni? RIB imekwisha kukamata vijana wengi wa wilaya hii kwa wizi wa simu wa aina hii. Sheria ipo pia, ile namba 60/2018 ya makosa ya mitandao. Lakini tusijifiche nyuma ya Abameni tukasema ni mambo ya wenyeji. Sauti iliyompigia mama ilikuwa ya kwetu.

Sasa ninyi wa mashirika. Mnabandika afishi: usipokee maagizo kutoka kwa numero usiyoijua. Vizuri. Lakini ninyi wenyewe mnatupigia vipi? Numero hatuijui. Mpigaji hasemi jina, anasema "ni ofisi". Anauliza numero ya familia, anauliza mko watu wangapi, anasema njoo haraka, leo ndiyo mwisho, usipojibu jina linatoka kwenye listi. Mwambieni mtu yeyote achague kati ya simu yenu na simu ya mwizi kwa kusikiliza tu, hataweza. Mwizi amejifunza kwenu! Mmetuzoesha kutii sauti isiyo na jina, kisha tukitii sauti isiyo na jina mnatuandalia semina na soda.

Tena tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, fundi amebadilisha kazi. Sasa faili lako "limekwama kwenye sistemu", anaweza kulifungua, leta makuta kidogo. UNHCR haidai malipo kwa huduma yoyote, kuandikishwa wala kuhamishiwa nchi ya tatu. Wengi wanajua hilo. Lakini mtu aliyesubiri miaka kumi na mbili analijua kwa kichwa, na moyo unatuma pesa.

Tunachotaka si kikubwa. Kila shirika liandike kwenye ukuta wa ofisi yake numero zake zote za kupigia, na lisitumie nyingine. Mpigaji aseme jina lake na aseme neno ambalo mwenye familia amepewa ofisini, mwizi asilolijua. Na mtu akikata simu ili aje kuuliza, asitolewe kwenye listi.

Na wewe unayeuza laini zilizoandikishwa tayari, tumekaa na wewe, tumekula na wewe. Unasema unasaidia wasio na karatasi. Wengine kweli umewasaidia. Lakini laini hizohizo ndizo mwizi anapokelea pesa, halafu RIB ikifuata jina inafika kwa mzee asiyejua kitu. Acha. Hatutakutaja hapa, ila wiki hii tutakuja kwako, na tunakuja wengi.

Sisi tumeanza. Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana tunakaa karibu na bomba la maji, tunawasomea wamama menyu ya *182# kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, hadi kila mmoja ajue pale ambapo "kodi" ni numero ya mtu na "kodi ya pili" ni pesa yake. Aliyeibiwa tunampigia naye 166 ya RIB siku ileile, hata kama laini si ya jina lake.

Na tumewaambia wote: ofisi ikipiga, kata, nenda mwenyewe uulize. Kwa hiyo wiki hii foleni mlangoni kwenu itakuwa ndefu. Msitukasirikie.